Shajara ya mtandao wa shehia yetu, Wete: nguzo ni yetu, wauzaji waje wengi

9 Septemba 2023: Kikao cha kwanza

Shajara hii naiandika mimi, katibu wa ushirika, ili shehia nyengine ya Pemba au Unguja itakayotaka kujijengea mtandao wa intaneti isianze kwa kupapasa. Nitaongeza kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, na makosa nitayaeleza kwa urefu kuliko mafanikio, kwa sababu makosa ndiyo yaliyokula fedha za watu.

Shehia yetu ipo nje kidogo ya mji wa Wete, kwenye vilima viwili vilivyotenganishwa na bonde la mpunga. Mkongo wa kampuni binafsi umefika mjini, kilomita 4 kutoka kwetu, ukaishia hapo. Nyumba zetu zimetawanyika ndani ya mashamba ya karafuu, na kampuni inayohesabu idadi ya wateja kwa kila mita mia ya waya haioni faida ya kuvuka bonde. Tunatumia bando za simu, na mnara wa karibu huelemewa kila jioni, hata mwanafunzi anayefungua ukurasa wa matokeo ya mitihani hungoja dakika nyingi na mara nyengine hukata tamaa.

Kikaoni yalitolewa maoni matatu. Wapo waliotaka tuisubiri kampuni, wapo waliotaka baraza la mji litujengee, na wapo waliotaka tujenge wenyewe. Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo leseni ya mawasiliano hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na hata baraza la mji likitaka kuuza intaneti litapita mlango huohuo. Tuliamua kuunda ushirika utakaomiliki vifaa vya ndani ya shehia na kufanya kazi kama wakala wa mtoa huduma mwenye leseni. Nyumba 38 zilikubali kutoa hisa ya shilingi 100,000 kila moja, na skuli pamoja na kituo cha afya vitaunganishwa bila malipo.

Neno lililonibakia moyoni lilitoka kwa bibi mmoja aliyekaa nyuma. Aliniambia, "Katibu, mwanangu, mradi wa maji tuliufungua kwa dua na pilau. Pampu ilipoungua hapakuwa na mtu mwenye fedha ya kuitengeneza. Hili nalo mtalilisha nini likiugua?" Kwa ajili yake tulipitisha papo hapo kwamba kila mwezi kiasi fulani kitawekwa akiba ya matengenezo kabla ya matumizi mengine yoyote.

21 Oktoba 2023: Nguzo, na mwembe tusiouhesabu

Tulijenga nguzo ya bomba la mabati ya mita 9 karibu na skuli, tukalielekeza dishi la redio kwenye paa la mtoa huduma mjini. Kwa darubini paa lilionekana wazi kabisa, tukaridhika. Tulipowasha, nguvu ya mawimbi ilisoma hasi 74, ilhali hesabu ilitupa hasi 58 (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu). Kiungo kilishika, lakini kasi ilipanda na kushuka kila upepo ulipovuma.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba jicho likiona, redio nayo imeona. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la mtumbwi, nyembamba kwenye ncha zote mbili na nene katikati. Kwa umbali wa kilomita 4 na masafa ya gigahezi 5.8, unene huo katikati ya njia hufika kama mita 7.2 kila upande wa mstari, na kanuni ya mafundi ni kwamba angalau asilimia 60 yake, yaani mita 4.3, iwe tupu. Katikati ya njia yetu palikuwa na mwembe ambao kilele chake kilikuwa mita 1 tu chini ya mstari.

Mwenye mwembe hakutaka uguswe na hatukumlazimisha. Ungekuwa mkarafuu hata tusingeuliza, kwani sheria ya Zanzibar inaulinda na haukatwi ovyo. Tuliihamisha nguzo kwenda juu ya kilima, tukapata mita 5 za mwinuko, tukaongeza mita 3 za bomba. Jumla ni mita 8, lakini atakayeiga asijidanganye: ukiinua upande mmoja tu, katikati ya njia mstari huinuka kwa nusu yake. Mita 8 zilitupa 4, na mwembe sasa uko mita 5 chini ya mstari. Mawimbi yanasoma hasi 59.

Nguzo na waya zake za kuishikilia vimegharimu 640,000, zikiwemo 210,000 za msingi wa saruji tulioutelekeza pale chini. Antena tatu za kusambazia majumbani pamoja na redio zake ni 1,050,000, ruta 230,000, betri na inveta 480,000, waya wa mtandao 110,000. Kila nyumba ilijinunulia redio yake ndogo ya ukutani. Jozi ya redio za kiungo cha kwenda mjini hatukuinunua, kwa sababu mtoa huduma alitupa ya kwake bure. Msomaji aikumbuke jozi hiyo.

2 Desemba 2023: Tumewasha, na waya wa bei rahisi

Leo tumeanza kutoza. Tunanunua megabiti 40 kwa sekunde kwa shilingi 20,000 kila megabiti, yaani 800,000 kwa mwezi, na kila nyumba inalipa 25,000, jumla 950,000. Posho ya fundi ni 80,000, na 70,000 zinazosalia zinakwenda kwenye akiba, ambayo leo ni 1,290,000.

6 Januari 2024: Nyongeza kuhusu waya

Wiki ya kwanza tu redio za juu ya nguzo zilianza kuzimika na kujiwasha zenyewe, hasa wakati wa mvua za vuli. Tulishuku redio, tukaipeleka moja Dar es Salaam kwa gharama ya 45,000, ikarudi na jibu kwamba haina kasoro. Tukashuku inveta. Wiki tatu zikapita, na wanachama, kwa haki kabisa, walianza kuuliza wanalipia nini.

Fundi alikwangua kwa kisu uzi mmoja wa ndani ya waya, na chini ya rangi ya shaba ukatoka weupe. Tulikuwa tumeuziwa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba, na umeme wa redio hupita ndani ya waya huohuo, hivyo kwa mita 35 kutoka chumba cha betri hadi kileleni volti zilikuwa zinafika pungufu. Zaidi ya hapo, viunganishi vilikwisha kuanza kuota ukungu mweupe kwa hewa ya chumvi. Tumenunua boksi la shaba tupu kwa 310,000 na matatizo yamekwisha siku hiyohiyo. Kabla ya kulipa, linyanyue boksi: la shaba huwa zito waziwazi, na muuzaji mkweli hatakataa ukwangue uzi mmoja mbele yake.

Kamba ya kuteremsha radi ardhini tuliiweka tangu mwanzo na haijatusumbua.

20 Januari 2024: Foleni ya baada ya Isha

Mchana mtandao ulikuwa mwepesi, lakini baada ya sala ya Isha nyumba moja ikipakua filamu, jirani anayezungumza na mwanawe aliyeko Muscat humsikia kwa vipandevipande. Kwanza tuliiwekea kila nyumba kikomo cha megabiti 1. Ilikuwa haki kwa hesabu, na dhuluma kwa matumizi: saa nne asubuhi, njia ikiwa tupu, mwalimu anayepakua kitabu bado alibanwa kwenye megabiti 1.

Suluhisho lilikuwa na sehemu mbili. Ruta sasa inagawa njia sawasawa baina ya nyumba zinazotumia kwa wakati huo tu, na asiyetumia hashikiliwi nafasi. Kisha tumeifunga jumla kwenye megabiti 37 badala ya 40 tunazolipia. Watu waliona tunatupa megabiti 3. Ukweli ni kwamba tukiijaza njia yote, foleni hujipanga kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambako hatuna amri. Tukibakisha kidogo, foleni hujipanga kwenye ruta yetu, nasi ndio tunaoamua simu ya mtu itangulie filamu. Haikutugharimu kitu.

17 Februari 2024: Barua ya bei

Mtoa huduma ametuandikia kwamba kuanzia 1 Aprili kila megabiti itakuwa 27,000. Megabiti 40 zitakuwa 1,080,000, ukiongeza posho ya fundi tunafika 1,160,000, na mapato yetu ni 950,000. Tutapoteza 210,000 kila mwezi.

Tuliusoma mkataba upya, safari hii kwa utulivu tuliopaswa kuwa nao Septemba. Unamruhusu abadilishe bei kwa taarifa ya siku 30, na sisi tukitaka kutoka tunahitaji siku 90. Tena jozi ya redio ni mali yake, na haturuhusiwi kupitisha humo huduma ya mtu mwengine. Kifaa cha bure ndicho kilichotufunga. Tulimiliki nguzo, betri na waya, lakini kilomita 4 za hewa baina yetu na mji zilikuwa zake, na upande wa mjini dishi lilikaa juu ya paa lake. Mpemba hahitaji kuelezwa sana hali hii, kwani karafuu zetu kwa miongo mingi zimekuwa na mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria, na kila familia inajua kwamba mwenye mlango pekee ndiye mwenye bei. Nimeona aibu kwamba sisi, kati ya watu wote, tuliutia saini mlango wa namna hiyo kwa hiari.

Kikao cha leo kilikuwa kirefu. Wengi walirudi kwenye rai ya kuukabidhi mradi mzima kwa baraza la mji, nikaombwa nieleze yaliyotokea kwengine.

Huko Marekani, mji wa Chattanooga una shirika lake la umeme, EPB, ambalo lilijenga mkongo kwa msaada wa ruzuku ya serikali kuu ya takriban dola milioni 111, na mwaka 2010 likaanza kuuza gigabiti 1 kwa sekunde kwa kila nyumba katika eneo lake, wakati ambapo kampuni kubwa hazikuwa na kitu cha kulinganisha. Mji wa Wilson, North Carolina, ulianzisha mtandao wake mwaka 2008. Miaka mitatu baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuibana miji mengine isifanye vivyo hivyo. Lakini Provo, Utah, ilikopa dola milioni 39 kujenga mtandao wa mji, mapato hayakutosha, na mwaka 2013 ikauuza kwa Google kwa dola 1, huku wakazi wakibaki na deni. Umma kumiliki hakuthibitishi kitu peke yake. EPB ilikuwa tayari na nguzo, mafundi na ankara inayofika kila nyumba. Baraza letu halina mambo hayo.

Mfano ulionivutia zaidi ni wa Stockholm. Tangu mwaka 1994 mji huo una kampuni yake, Stokab, inayolaza mkongo na kuukodisha kwa masharti yaleyale kwa kila mtoa huduma anayeutaka, na yenyewe haiuzi intaneti majumbani. Njia ni ya mji, biashara ni ya kampuni nyingi, na kampuni isiyopendeza huachwa bila kuchimba barabara upya. Nilikiambia kikao kwamba sisi tulifanya kinyume: tulijitwisha kazi ya kuuza, ambayo wengi wanaiweza, na njia, ambayo hakuna atakayeijenga mara ya pili, tukampa mtu mmoja.

Tumeamua mambo matatu. Taarifa ya siku 90 inatoka tarehe 20 mwezi huu. Jozi ya redio tutainunua wenyewe. Na baraza la mji tutaliomba kitu kimoja tu, nafasi juu ya paa la jengo la umma mjini, ili mtoa huduma yeyote mwenye leseni alete waya wake hadi pale na kutukuta.

30 Machi 2024: Ramadhani

Matumizi yamegeuka usiku kuwa mchana. Kilele sasa kipo baada ya tarawehe, kinashuka, kisha kinapanda tena wakati wa daku. Betri, ambayo tuliipigia hesabu ya umeme kukatika jioni, imekutwa tupu mara mbili saa tisa usiku. Mafundi wameihamishia ruta ya skuli kwenye saa ya kujizima kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, na hilo limetosha.

Mazungumzo na mtoa huduma wa pili yanaendelea. Anataka 16,500 kwa megabiti.

19 Mei 2024: Maduka mawili, tanuri moja

Ruhusa ya paa ilitoka Aprili. Redio zetu mpya, 520,000 kwa jozi, zilikwama Dar es Salaam kwa sababu safari za boti zilisitishwa Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa mwezi huu. Zilifika baadaye, na tarehe 9 mtoa huduma wa pili alianza, wiki tatu za mwanzo zikiwa za majaribio bila malipo. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na njia mbili, na ruta ilipangwa ihamie upande mmoja mwengine ukianguka. Nilimwambia Sheha kwamba kukatikiwa sasa basi.

Jumapili ya tarehe 12 zote mbili zilianguka pamoja.

Nilipigiwa simu nyingi siku hiyo kuliko siku yoyote tangu tuanze, na wengi waliamini kuwa mgeni ndiye aliyeharibu. Tulikwenda nguzoni na kupima kipande kimoja baada ya chengine. Redio zilikuwa nzima. Paa la mjini lilijibu. Seva za Dar es Salaam zilijibu kwa kasi ya kawaida, na kurasa za watoa huduma wa nchini wanaokutana kwenye kituo cha TIX, ambako hubadilishana mawasiliano bila kutoka nje ya nchi, zilifunguka. Za Ulaya hazikujibu kabisa. Kutoka hapo ilidhihirika kwamba hitilafu haiko Pemba, na siku hiyo ikatangazwa kuwa mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nzima iliathirika pamoja na majirani zetu.

Nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Wauzaji wawili walitupatia ushindani wa bei, na ushindani huo ni wa kweli. Lakini njia zao, mbali huko tusikokuona, zilikuwa zimeegemea mikongo ileile ya baharini, kama maduka mawili yanayouza mkate wa tanuri moja. Tanuri likizimika, kuhama duka hakukupi mkate. Watu wa visiwani tulikwisha kufundishwa somo hili kwa umeme, pale Unguja ilipokaa karibu miezi mitatu bila ya umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia moja ya baharini kutoka Bara.

Tumefanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mikataba mipya ina kifungu kinachomtaka mtoa huduma aandike anatumia mikongo gani ya baharini na atujulishe akibadilisha, na tutakapopata anayetumia njia tofauti tutampa upendeleo hata akizidi kidogo kwa bei. Skulini tumeweka kompyuta ndogo yenye nakala za masomo na kamusi, inayofunguka kupitia redio zetu hata bahari yote ikatike. Wanafunzi wa kidato cha nne waliitumia wiki nzima iliyopita.

Jambo jengine la wiki hii: mtoa huduma wa kwanza, akiwa na siku chache tu kabla ya taarifa yetu kufika mwisho, amerudi kwa hiari yake na bei ya 17,000, bila ya sharti la kuwa peke yake. Miezi mitatu nyuma aliniambia 27,000 haipunguziki.

27 Julai 2024: Tulipofika

Kuanzia 1 Juni tunanunua megabiti 25 kwa kila mmoja, wa kwanza kwa 17,000 na wa pili kwa 16,500, jumla 837,500 kwa megabiti 50. Wote wawili wanatukuta juu ya paa la jengo la umma. Jozi ya zamani ya redio mtoa huduma wa kwanza ametuuzia kwa 150,000, nasi tumeiacha ikielekea kwenye paa lake kama njia ya dharura.

Nyumba zimefika 46 na ada imeshuka hadi 22,000. Mapato ni 1,012,000. Baada ya kulipa watoa huduma na posho ya fundi zinabaki 94,500 za akiba kila mwezi. Akiba hiyo, iliyokuwa 1,290,000 siku tuliyowasha, ilikwisha kushuka hadi 275,000 mwishoni mwa Mei. Kwa hisa za nyumba 8 mpya na ziada ya miezi miwili, na baada ya kutoa bei ya jozi ile ya zamani, leo ni 1,154,000, ikiwemo kodi ya kwanza ya nguzo ya 40,000.

Kodi hiyo ndiyo iliyozua ubishi mkubwa wa mwezi. Mtoa huduma wa pili ameomba kuweka antena yake kwenye nguzo yetu ili auze moja kwa moja kwa nyumba zisizo za wanachama, na baadhi ya wenzangu waliona tunamkaribisha mshindani ndani. Mimi nilisimama na kutetea aruhusiwe, kwa kodi ileile atakayotozwa mwengine yeyote, na kwa ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayepewa nguzo peke yake, hata ushirika wenyewe. Tukimfungia yeye, tutakuwa tumejifanya sisi ndio mlango pekee, na mwaka kesho kamati nyengine itaandika barua ya bei kwa majirani zake kama ile tuliyoandikiwa sisi. Kura zilikuwa 27 kwa 14. Ameshaunganisha nyumba 9 na anatoza 24,000.

Kifungu tulichokiandika, kwa atakayetaka kukiiga, ni hiki: "Nguzo na njia ya redio hadi paani ni mali ya ushirika, na pamoja na nafasi tuliyopewa paani hazitakodishwa kwa masharti ya upekee. Kila mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA atapewa nafasi kwa kodi moja na kwa zamu ya maombi, maadamu uzito na masafa ya vifaa vyake havidhuru vya waliotangulia."

Kinachofuata ni nguzo ya pili kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde, ambako nyumba 17 zimeshachanga. Fundi amekwisha kupima: pana minazi mitatu karibu na mstari, nafasi baina ya mnazi mrefu zaidi na mstari imepungukiwa mita 3 kufikia kiwango cha usalama, na safari hii tumeipima kabla ya kununua saruji.